Matone Mara Mbili

Mwalimu mstaafu aliirudisha saa yake siku ya tatu. Hakusalimu. Aliisogeza sikioni mwa fundi, akaitikisa.

"Unasikia? Nimekuletea saa, umenirudishia kayamba."

Fundi saa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo la zamani, pembeni mwa barabara, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Alibandika lenzi kwenye jicho la kulia, akafungua kifuniko. Skrubu moja, ndogo kuliko punje ya mtama, ilikuwa imelala ndani ya mashine, nje ya tundu lake. Aliitafuta kwa ncha ya kibano, akaikosa, akaitafuta tena. Mkata funguo wa meza ya jirani aliinuka kwenye kigoda chake, akaja kuchungulia.

"Hiyo hapo, kaka. Si hapo, kushoto. Mbona unaipita kama mtu aliyekutana na mkwewe sokoni?"

"Mwanga wa leo mbaya," fundi akasema.

"Mwanga ni ule ule," mwalimu mstaafu akajibu. "Lete saa yangu. Nitampelekea mwenye macho."

Alisema kwa hasira tu, kama watu wasemavyo. Alipoondoka, mkata funguo alirudi kwenye kigoda chake, akapiga tupa mara mbili tatu juu ya ufunguo, kisha akaacha.

"Kaka, yale matone yako bado unatia?"

"Niliyaacha."

"Daktari kakwambia uache?"

"Hapana. Niliyatoa kanisani."

Mkata funguo alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo aliirudia tupa yake.

Kanisani fundi aliitwa Sauti. Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyesoma Neno kila Jumapili, na walikuwapo watu waliochelewa ibada nzima lakini wakahakikisha wamefika kabla Sauti hajafungua Kitabu. Hakusoma kwa mbwembwe. Alisoma kama mtu aliyepokea barua kutoka nyumbani na anawasomea wenzake wasiojua kusoma.

Halafu macho yakaanza. Daktari alimwambia ni presha ya jicho, haina maumivu, inakula polepole kutoka pembeni kuja katikati. Kinachopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, tone moja kila jicho, kila siku, bila kuruka. Alitia matone miaka miwili. Kisha mchungaji akaanza mafundisho ya majuma sita juu ya kumpenda Mungu kwa moyo wote.

"Wote!" mchungaji alisema, akipiga kifua chake. "Siyo robo tatu. Huwezi kuweka mguu mmoja kwa Mungu na mwingine duka la dawa, halafu ukauliza kwa nini huendi mbele."

Siku ya mwisho wa mafundisho kapu lilipitishwa. Watu walitia miwani, vidonge, mikongojo ilisimamishwa ukutani. Fundi alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuwa akitafuta muujiza. Alikuwa na aibu tu kwamba kwa miaka miwili aliwasomea watu habari za kumpa Mungu kila kitu huku akiwa na kichupa mfukoni.

*

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na kibaraza cha kupikia. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Siku nzima alinyoosha mashuka ya watu asiowajua, na jioni mikono yake ilinukia wanga na mvuke. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho sekondari. Walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza mpaka leo.

"Soma tena," baba yake alimwambia. "Kuanzia alipokaa kando ya njia."

Ilikuwa habari ya yule kipofu aliyesikia umati unapita, akapaza sauti. Chiriku alisoma mstari, baba akaurudia. Akasoma wa pili, baba akairudia yote miwili.

"Baba, unakariri."

"Natafakari."

"Mtu akitafakari hasahihishi alama za vituo. Jana uliniambia hapo pana mkato." Alifunga Kitabu, akaweka kidole katikati. "Huoni, sivyo? Waambie basi Jumapili asome mtu mwingine."

"Wewe nawe. Chiriku ni ndege mdogo, lakini kelele zake!"

"Usinitanie, baba. Twende hospitali. Mimi nitakushika mkono."

"Mwanangu." Alimtafuta kwa macho, akamkosa kidogo, akautazama ukuta uliokuwa jirani na bega lake. "Nikiyarudia matone leo, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba siku ile nilikuwa natania."

Mama Chiriku alikuwa kibarazani akiosha mchele. Alisikia kila neno. Maji yalishakuwa safi zamani, naye aliendelea kuosha.

Kuna jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alhamisi iliyofuata baada ya kapu lile ilikuwa zamu yake ya kufagia kanisa, na kapu lilikuwa bado chini ya meza ya mbele. Alichukua kichupa, akakifunga kwenye pindo la khanga. Jumapili mbili mfululizo, mumewe alipojilaza mchana baada ya ibada, alingoja usingizi umkolee, kisha akamwinua kope kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua bahasha asiyotaka kuichana. Tone moja kushoto, tone moja kulia. Alikusudia kupata chupa nyingine hiyo ikiisha, na nyingine, mpaka kaburini ikibidi, na siri aende nayo.

Lakini Jumapili ya pili mumewe aliamka, akagusa mashavu.

"Mama Chiriku, njoo. Gusa hapa. Ni maji."

"Labda jasho."

"Si jasho. Wiki iliyopita pia. Ninalala, naamka macho yamelowa, na moyoni nina amani nisiyoijua. Ananigusa usingizini." Akapiga magoti pale pale kando ya kitanda, na fulana yake imekunjamana mgongoni, akashukuru mpaka sauti ikakatika.

Yeye alisimama mlangoni na kichupa kwenye pindo. Hakuweza kusema. Na baada ya hapo hakuweza kutia tena, maana kila tone lingekuwa yeye anajifanya Mungu juu ya uso wa mtu anayeamini. Alikitumbukiza kichupa kwenye pipa la taka la hotelini.

Siku ya Jumatano, kwenye kikundi cha sala, mumewe alisimulia habari ya machozi yale. Mchungaji alisikia. Wiki chache baadaye ikatangazwa Jumapili ya ushuhuda: mhubiri mgeni angekuja, na Sauti, ambaye Bwana anamponya, angesoma Neno bila miwani mbele ya watu wote.

Jumamosi, akimfunga vifungo vya shati jipya kulipima, mkewe alisema, "Baba Chiriku, kuna neno nataka kukwambia."

"Sema."

Alitazama macho yale, mazuri bado, yasiyo na doa lolote, yakimtazama kipaji cha uso badala ya machoni.

"Kola hii pana kidogo," akasema.

*

Jumapili watu walijaa mpaka madirishani. Mkata funguo naye alikuja, kwa mara ya kwanza, akasimama nyuma karibu na mlango kama mtu atakayeondoka wakati wowote.

Fundi aliongozwa mbele. Alizijua hatua: kumi na nne toka benchi la pili, ngazi mbili, kisha meza. Kitabu kilikuwa wazi mahali walipopatana, kwenye habari ya kipofu. Lakini mhubiri mgeni, mtu mnene mwenye furaha ya kweli, alikitwaa mezani.

"Leo tusimpangie Mungu!" akasema kwenye kipaza sauti. "Atasoma popote patakapofunguka!" Akafungua katikati, akamkabidhi. "Soma hapo, baba. Juu kabisa."

Fundi alishika Kitabu. Jicho la kushoto lilikuwa limeshazima kabisa. La kulia lilibaki na upenyo mmoja, kama wa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na ndani ya upenyo ule herufi zilikuwa moshi. Mkewe, benchi la pili, aliyaona mapajani mwake, kama ndotoni, mashuka yote aliyowahi kunyoosha, meupe, yasiyo na neno. Chiriku alifumba macho.

Mtoto akakohoa. Ndipo Sauti ikatoka, ile ile ya barua ya nyumbani, ikaanza habari ya mtu aliyekaa kando ya njia.

Vigelegele vilipasuka. Hakuna aliyejua ukurasa gani ulifunguliwa. Mhubiri mgeni mwenyewe alikuwa amekwisha kugeuka, mikono juu, akiwaita watu washukuru. Mmoja tu ndiye aliyejua. Mchungaji alikuwa amesimama begani kwa fundi, na macho yake yalikuwa juu ya ukurasa. Aliyaona maandishi, akayasikia maneno, na hayakuwa yale yale. Fundi alisikia pumzi ya mwenzake ikisita.

Kisha mchungaji akainama sikioni kwake. "Endelea," akanong'ona. "Endelea tu, Sauti."

Fundi alimalizia sentensi aliyokuwa nayo mdomoni. Akakifunga Kitabu, akakibandika kifuani.

"Sisomi," akasema. Kipaza sauti kilikuwa karibu. "Ninakariri. Mwanangu ndiye aliyenifundisha. Sioni herufi hata moja."

Vigelegele havikuisha kwa mara moja. Viliendelea nyuma, kwa waliokuwa hawajasikia, vikafa kimoja kimoja.

"Niliyatoa matone kwa moyo wote," aliendelea. "Sikubakiza. Na sioni. Yote mawili ni kweli, siwezi kutaja moja nikaficha jingine mbele ya Kitabu hiki—"

Kipaza sauti kilizimwa. Midomo yake iliendelea kidogo bila kujua. Kwaya ikaambiwa iimbe, ikaimba kwa nguvu. Mhudumu mmoja alimshika mkono amteremshe, akasahau kumwambia habari ya ngazi. Fundi alianguka na goti moja, Kitabu hakikumtoka kifuani.

Aliyemwinua ni mkata funguo.

*

Jumatatu walikwenda hospitali, Chiriku mbele, wazazi nyuma. Daktari alikuwa yule yule. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akarudi la kwanza, akakaa kwenye kiti chake chenye magurudumu bila kukisogeza.

"Uliacha lini?"

"Majuma kumi na moja sasa."

"Yote? Hukutia hata tone moja?"

Mama Chiriku alifungua mdomo, akaufunga.

"Yote," fundi akasema.

"Mzee wangu, ningekulaumu kama ingesaidia." Daktari aliandika kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa na cha kuandika. "Nitakupa matone, utumie. Lakini kwa ajili ya maumivu tu, yakija. Siyo kwa ajili ya kuona tena."

Nje, kwenye korido, Chiriku alikaa kwenye benchi. Hakusema neno mpaka nyumbani, na wazazi wake waliona heri angepiga kelele.

*

Mchungaji alikuja Jumanne jioni pamoja na katibu wa kanisa. Walikaa kwenye viti viwili vilivyokuwapo. Wenyeji wakakaa kitandani. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na alishika maji aliyopewa bila kuyanywa.

"Sauti, umetuweka mahali pagumu. Kuna mama alitoa vidonge vya moyo kwa sababu yako. Leo ananiuliza afanye nini."

"Mwambie avimeze," fundi akasema. "Leo hii, mchungaji. Usingoje Jumapili."

Mchungaji alitazama glasi. Katibu akajikohoza, akafungua daftari.

"Tunachotaka kujua ni kimoja. Mungu hashindwi. Kama uponyaji umekwama, mahali fulani pana moyo uliogawanyika. Je, tangu ulipotoa dawa, kuna dawa yoyote iliyotumika ndani ya nyumba hii? Hata kwa siri?"

"Hakuna," fundi akasema.

"Iko," mkewe akasema.

Mumewe aligeuka. Aligeuza uso wote, kama wafanyavyo wasioona.

"Nilikitoa kichupa kwenye kapu," mkewe akasema, akitazama mikono yake. "Nikamtia akiwa amelala. Mara mbili. Yale maji mashavuni hayakuwa... Ni mimi."

Katibu aliandika. Mabega ya mchungaji yalishuka, na ilikuwa wazi kwa kila mtu chumbani, isipokuwa mmoja, kwamba yameshuka kwa nafuu.

"Basi," akasema taratibu. "Mlango aliopitia adui umeonekana. Hatumhukumu mtu. Lakini kanisa itabidi liambiwe, watu wasije wakamwazia Mungu vibaya. Na wewe, Sauti, pumzika kusoma kwanza. Kuna kijana tumempanga."

"Kwa hiyo mama yangu ndiye aliyempofusha baba?" Ilikuwa sauti ya Chiriku, kutoka kibarazani. "Kwa kumtia dawa?"

"Binti, heshima," katibu akasema.

"Nauliza tu, mjomba. Andika na hilo."

Walipoondoka hakuna aliyewasha taa, ingawa giza lilikuwa linaingia. Kwa mmoja wao haikuwa na maana, na wengine wawili waliona aibu kuihitaji. Mama Chiriku alikaa pale pale kitandani, mikono mapajani, akingoja. Angepigwa angeshukuru.

"Mara mbili?" mumewe akauliza hatimaye.

"Mara mbili tu. Kisha ukapiga magoti ukashukuru, nikashindwa. Niliona nakuibia Mungu wako."

Mkono wa mumewe ukatambaa juu ya shuka, ukapapasa, ukaupata wa mkewe wenye harufu ya wanga.

"Ungeendelea," akasema.

Ndipo fundi alipolia, na safari hii machozi yalikuwa yake mwenyewe.

*

Meza iliyo chini ya ngazi ilichukuliwa na muuza mikanda ya simu. Mkata funguo alimpa fundi kigoda pembeni yake, na kazi ya kutenganisha funguo mbichi, zisizokatwa meno bado, kwa vidole, ndefu huku, fupi huku. "Sasa tuko sawa, kaka," alimwambia siku ya kwanza, "mimi naona na sina adabu, wewe una adabu na huoni. Tukiunganishwa tunapata mtu mmoja mzima." Fundi alicheka. Jioni mkata funguo alizichambua funguo zile upya, kimyakimya, kwa sababu nyingi zilikuwa zimechanganyika.

Kanisani tangazo lilisomwa. Watu hawakuwatukana. Waliwasalimu kwa vidole viwili badala ya mkono, na wanawake wa zamu ya kufagia walimwambia Mama Chiriku apumzike, amechoka. Chiriku alisema hatakanyaga tena mle ndani, na hakukanyaga. Mama yake naye alijaribu kusali akiwa kazini, pasi mkononi, kama alivyozoea. Alipata maneno ya kuanzia tu. Alisema "Baba," akangoja, akanyoosha shuka, akaanza jingine.

Wa tatu wao ndiye hakubadilika. Jumapili ya nne alfajiri walimsikia anapapasa kabatini. Alitoka na shati lile jipya, vifungo vimepishana kimoja.

"Unakwenda wapi?" mkewe akauliza, ingawa alijua.

"Ibadani."

"Baba Chiriku, wale watu..."

"Sikwenda kwa ajili yao miaka yote hiyo." Alinyoosha mkono hewani, kiganja juu. "Nifikishe mlangoni tu. Nitahesabu hatua."

"Kwani bado unampenda Mungu?" Swali lilimtoka kabla hajalipima. "Namuuliza mume wangu, simuulizi msomaji. Bado?"

Alifikiri. Alijua kwamba jibu lolote atakalotoa, mkewe angelibeba siku nzima.

"Sina kingine cha kumpa sasa," akasema. "Kilichobaki ni hicho. Nikikipunguza nitakuwa sina kitu kabisa."

Mkewe alimfungua vifungo, akavifunga upya. Akampeleka. Alimkalisha benchi la mwisho, mwisho kabisa, karibu na mlango, na aliyekuwa amekaa pale akasogea zaidi ya ilivyolazimu. Yeye hakubaki ndani. Alisimama nje, chini ya dirisha, mgongo ukutani, mkoba kifuani.

Kijana aliyepangwa alisoma. Somo lilikuwa lile lililoachwa siku ya ushuhuda, habari ya mtu aliyekaa kando ya njia. Alisoma mbio, kama anayefukuzwa na mvua. Akafika pale ambapo kipofu anaitwa, anasimama, anaulizwa anataka atendewe nini. Hapo jicho la kijana lilichupa, akauruka mstari wenye jibu, ule wa kuomba apate kuona, akaendelea hadi mwisho, akafunga Kitabu. Watu wakaitika Amina. Hakuna aliyegundua.

Chini ya dirisha, Mama Chiriku alisikia sauti benchi la mwisho, ndogo, ya mtu anayerudisha skrubu mahali pake. Ilikuwa inasema ule mstari ulioachwa, jibu la kipofu, neno kwa neno, mkato kwa mkato.

Ilisema mara moja, ikangoja. Kisha kwaya ikaanza kuimba.